Daftari la Kuchovya

4 Februari
Nyumba ya Mazoezi ya Viungo, chumba namba tisa

Mwanangu,

Nyonga inaunga. Daktari anasema wiki saba, fundi wa mazoezi anasema nane, na mimi nakuandikia barua kwa sababu simu siisikii na ujumbe wa vidole siuwezi. Miaka thelathini na nne nimesahihisha miswada ya watu kwa kalamu nyekundu. Mkono haujui njia nyingine ya kusema.

Jambo lenyewe ni hili. Kabla sijaanguka kutoka kwenye kile kigoda, nilikuwa nimeagiza matumbawe matatu kwa Miwani, yule wa duka la samaki wa mapambo. Atayaleta Alhamisi. Mume wako hafai kwa kazi hii. Anatengeneza lifti, amezoea vitu vinavyovumilia nyundo. Wewe kutwa nzima unaosha vyombo vya daktari wa meno, unajua kwamba kitu kinaweza kung'aa na bado kisiwe safi. Nakukabidhi wewe.

Zima taa ya tangi. Mifuko ielee juu ya maji dakika ishirini bila kufunguliwa, joto lilingane. Ukishafungua, hamishia tumbawe na maji yake kwenye bakuli, ulizoeshe maji yetu kwa ule mpira mwembamba, tone kwa tone, nusu saa, usizidishe, maana maji ya mfuko yakipata hewa huharibika haraka. Halafu bakuli la pili, maji ya tangi na dawa ya kuchovya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Dakika kumi za saa, si za kukisia. Vaa glavu. Muda wote huo lipulizie maji kwa lile bomba la sindano lisilo na sindano, kila pembe, hasa kitakoni. Ligeuze, litazame kwa lenzi yangu. Mayai ya wadudu hayafi kwa dawa, hukwanguliwa. Bakuli la tatu ni la kusuuzia, maji safi ya chumvi. Maji ya mfuko na ya dawa yaende sinki. Hata tone lisirudi tangini. Kisha liweke chini, mbali na taa, ulipandishe kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Andika katika daftari la jalada jeusi. Safu ni nne, kama alivyozichora marehemu mke wangu: tarehe, limetoka kwa nani, dakika za dawa, kilichoanguka. Safu isiachwe wazi. Kama hakikuanguka kitu, andika hakuna.

Na Mgeni, lile tumbawe kubwa la katikati, mtazame kila asubuhi. Unajua marehemu mama mkwe wako alimnunua akiwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba, akamwita Mgeni kwa sababu hakuamini angekaa. Amekaa miaka kumi na tisa, ana upana wa sinia. Vitu vyote alivyoviacha marehemu vimesimama pale pale alipoviacha. Huyo peke yake ndiye anayeendelea kukua.

Nakuamini. Nisingekuamini nisingeandika kurasa mbili.

Baba


9 Februari
Nyumbani

Baba, shikamoo,

Pole na nyonga. Miwani alikuja Alhamisi, akanikabidhi mifuko kama anayekabidhi mtoto kwa mtu asiyemjua. Nilimwambia mimi nachemsha vyombo vinavyoingia midomoni mwa watu arobaini kwa siku. Alicheka, lakini hakuondoka mpaka nilipovaa glavu.

Nimefanya ulivyosema. Dakika ishirini, nusu saa, dakika kumi kumi, nimetumia saa ya jikoni ile inayolia. Kwenye la kwanza alianguka kaa mdogo kama punje ya mtama, nikamsikitikia. La pili lilitoa mnyoo mmoja wa manyoya. La tatu hakuna. Vitako nimevikwangua vyote kwa kile kichuma cha kukwangulia meno ambacho daktari wangu alikitupa. Kina ncha nzuri kuliko kisu chako. Yote yako chini kwenye mchanga, yamejikunja kama watoto siku ya kwanza ya shule.

Swali moja, Baba. Huku nyuma, upande wa ukutani, Mgeni ana madoa meupe chini kwenye matawi ya zamani. Madogo, ya mviringo, kama mtu ameng'ata ng'ata. Yalikuwepo?

Mume wangu anakusalimu. Anasema kigoda amekivunja kuni.

Mwanao


14 Februari
Chumba namba tisa

Mkwe,

Barua yako nimeisoma mara nne. Madoa hayakuwepo. Mimi na Mgeni tunatazamana kila asubuhi tangu nilipofiwa, ningeyaona.

Naomba unijibu kwa mpangilio, usiruke. Dakika kumi zilihesabiwa tangu tumbawe lilipoingia katika dawa au tangu lilipotoka mfukoni? Maji ya kusuuzia yalikuwa ya bakuli safi, au bakuli lile lile limemwagwa likajazwa? Bomba ulilopulizia kwenye dawa, uliliingiza tangini baadaye? Yule mnyoo wa manyoya ulimwona mmoja, au ulimhesabu mmoja kwa sababu ndiye uliyemwona?

Sisemi kwamba umekosea. Nasema kwamba nyumba ilikuwa salama nilipoiacha, na siku tatu baada ya mifuko ya Miwani kufunguliwa, Mgeni ana alama za meno.

Kuna jambo jingine. Mume wako ameniandikia mistari mitatu, na katika hiyo mitatu mmoja unasema kwamba umekuwa ukipima chumba cha tangi kwa utepe, ukuta kwa ukuta. Ameandika kama kichekesho. Mimi sikucheka. Chumba kile hakina cha kupimwa ila tangi.

Jirani yangu wa kitanda ni askari mpelelezi mstaafu. Hujikuna kutwa, analaumu wafua shuka, na anamshuku kila mtu humu ndani, mpaka mpishi. Nilimsomea barua yako. Aliuliza kitu kimoja tu, maandishi yako wapi? Nikamwambia yamo kwenye daftari. Akasema basi liitishe.

Naliitisha. Nitumie daftari kwa posta.

Baba mkwe wako


20 Februari
Nyumbani

Baba, shikamoo,

Nakujibu kwa mpangilio. Dakika zilihesabiwa ndani ya dawa. Mabakuli ni matatu, yana rangi tatu. Bomba la dawa halijagusa tangi, nimelifunga utepe mwekundu. Mnyoo alikuwa mmoja.

Sasa nisikufiche lililotokea. Jumapili nilikata tawi moja la Mgeni upande wa nyuma, nikalichovya. Nisamehe kwa kukata, lakini nilitaka kujua. Dakika ya tatu walianza kudondoka. Ni minyoo bapa, myembamba kama ganda la kitunguu, rangi ile ile ya tumbawe. Ukitazama tangini hutawaona hata ukeshe hapo. Saba. Chini ya tawi, penye mfupa mtupu, mayai ya hudhurungi yamepangwa safu juu ya safu, mengine yameshapasuka. Nilimpelekea Miwani kwenye chupa. Aliyatazama, akavua miwani, akavaa tena, akasema haya si ya wiki hii wala ya mwezi huu.

Kwa hiyo nimeanza kumchovya Mgeni kipande kwa kipande. Nimeweka tangi dogo jikoni, na joto lake na pampu yake, lisiloshirikiana kitu na tangi kubwa. Kila siku ya sita nachovya tena, kwa sababu yaliyobaki mayai leo ndiyo minyoo ya wiki ijayo. Na nilitaka kukuuliza, bila utovu wa adabu, kwa nini hatujawahi kuwa na tangi la kuwatenga wageni? Kule kliniki chombo hakitoki kwenye maji kikaenda moja kwa moja mdomoni.

Daftari nalihitaji hapa kila siku. Nitakuletea mwenyewe ukipona.

Kama lazima kosa liwe la mtu, niandikie mimi, Baba. Mabega ninayo.

Lakini nikuulize jambo dogo. Lile tawi la kijani lililobandikwa nyuma ya Mgeni, linalogusana naye, lilikuja lini?

Mkwe wako


25 Februari
Chumba namba tisa

Mkwe,

Tawi la kijani limetoka kwa Mwenzangu, na naomba usilitaje tena.

Labda mume wako hajawahi kukueleza Mwenzangu ni nani, maana vijana mmechoshwa na habari zetu. Tulifika siku moja katika kambi ya mapokezi, mimi na yeye, hatufahamiani. Walitupanga mstari. Walitunyunyizia unga mweupe kichwani, kwapani, ndani ya suruali, mtu amevaa glavu na kitambaa mdomoni, wala hakutuangalia usoni. Nguo wakazichemsha, zikarudi zimekuwa za watoto. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na shahada mfukoni. Shahada nayo waliichemsha. Yeye ndiye aliyekuwa mbele yangu. Alipogeuka, nyusi zake nyeupe kama za babu, akaniambia, "Sisi wawili tusifanyiane hivi kamwe." Tulikaa chumba kimoja miaka miwili. Sasa anaishi mbali, tumeonana mara tano katika miaka arobaini na mmoja, lakini neno hilo sijaliacha.

Na tawi lenyewe lina asili. Marehemu alilikata kwa Mgeni, miaka kumi na mmoja iliyopita, akampa Mwenzangu alipotutembelea. Novemba amekata mtoto wa lile lake, akanirudishia. Lilikuwa linarudi kwao. Ndiyo maana nililiweka pale, kifuani kwa mama yake. Hilo ndilo safi kuliko yote tangini, na wewe umelichagua hilo hilo la kulinyooshea kidole.

Nimemwandikia Miwani peke yangu. Amejibu kwa uungwana, na katika uungwana wake limemponyoka kwamba mwezi uliopita ulimuuliza kama anachukua matangi yaliyotumika. Mwezi uliopita mimi bado nilikuwa na nyonga mbili nzima. Sasa naelewa utepe. Naelewa pia kwa nini Mgeni anakatwa vipande na kuhamishiwa jikoni, na kwa nini daftari linahitajika kila siku hata lisiweze kusafiri. Ukitaka chumba, kisemee chumba. Usimpitie marehemu.

Nimemwagiza mwanangu aniletee daftari Jumamosi. Yeye, si wewe.

Msahihishaji wa chumba namba tisa


1 Machi
Nyumbani

Baba,

Shikamoo haiachwi hata kwa hasira, kwa hiyo shikamoo.

Ni kweli nilimuuliza Miwani. Ilikuwa Januari, umeme ulikatika, nikabeba ndoo za maji ya joto mpaka mgongo ukaniambia basi, na wewe ukasimama mlangoni ukinielekeza pa kukanyaga. Nilimuuliza kwa sababu ya mgongo ule. Kesho yake ulinichemshia chai ukaniletea mwenyewe, nikaona haya, sikumuuliza tena.

Kuhusu utepe, sisemi kitu sasa. Ukiwa katika hali hii nikisema utasema natunga.

Mgeni, Baba, ameondoka karibu wote. Sikutaka uambiwe na mwingine. Walikuwa wamemla kutoka nyuma muda mrefu, na aliyebaki mbele alikuwa rangi tu. Nyama ilianza kuchubuka Jumatano, Ijumaa matawi ya katikati yalikuwa meupe. Nilikata mbali na kidonda, nikachovya, nikakwangua, nikasuuza. Nina vipande vitatu jikoni, kimoja kina ukubwa wa kidole gumba. Vinakula. Nyakati za jioni vinatoa vinyweleo. Hakuna tumbawe la aina yake lililobaki tangini, nimeyatoa yote, Miwani anasema minyoo hiyo ikikosa wa kumla hufa yenyewe.

Mume wangu amechukua daftari asubuhi hii. Nilimwomba asilichukue. Alinitazama kama unavyonitazama wewe sasa. Nikampa.

Lisome ukiwa umekaa, Baba. Na ukilifunga, usinijibu upesi.

Mwanao


3 Machi
Chumba namba tisa

Mwenzangu,

Salamu nyingi. Mgeni ameliwa na minyoo, mkwe wangu ameokoa vipande vitatu. Nyonga inaunga.

Nina swali, na naomba ulijibu kama shahidi, si kama rafiki. Tawi ulilonitumia Novemba, ulilitazama chini kabla ya kulifunga? Na katika tangi lako, baada ya Novemba, umeona kitu?

Mbele yangu nina daftari la nyumba. Kuna mistari mia moja na sita. Ya kwanza tisini na mmoja ni kwa mwandiko wa marehemu, kumi na mbili kwa wangu, mitatu kwa wa mkwe wangu, ambaye anaandika herufi ndogo, zilizosimama sawa sawa. Mia moja na tano ina dakika, ina kilichoanguka. Mmoja umeandikwa tarehe kumi na saba Novemba, "limetoka kwa Mwenzangu," na baada ya hapo karatasi ni nyeupe. Mwandiko ni wangu.

Juu ya mstari huo kuna alama hafifu ya kidole. Mtu alisimamisha kidole hapo, kwa muda. Ukurasa ungeweza kuchanika. Umeshikwa na uzi mmoja tu, nimeujaribu. Hakuuchana. Wala hakuandika lolote. Amekaa na ukurasa huu tangu katikati ya Februari, nami nikimwandikia niliyomwandikia.

Nijibu.

Wako


9 Machi

Ewe Msahihishaji,

Umenitisha. Barua ya maneno machache kutoka kwako ni kama simu ya polisi.

Najibu kama shahidi. Sikulitazama chini. Ningelitazama ya nini? Nilikuwa nalituma kwako. Wewe uliyekuwa ukifuta kijiko cha kambi mara tatu kwa shati kabla ya kula uji, huku mimi nimeshamaliza wangu na nusu ya wako. Nilipolifunga, binti yangu aliniuliza kama nilichovye, nikamwambia linakwenda kwa mtu ambaye angemchovya hata daktari wake. Kila kilichonishinda mimi, nilijua kitaanguka katika bakuli lako.

Na ndiyo, nimeona. Januari. Nusu ya tangi langu imekuwa mifupa. Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu. Nilidhani wewe ndiye uliyeyakuta mayai, ukayakwangua, ukanyamaza ili kunistiri. Kila siku nilikuwa nasema, tazama alivyo muungwana.

Kuhusu lile neno la kambini. Unasema nililisema mimi? Mimi nakumbuka ulilisema wewe. Nakumbuka hata nilijiuliza moyoni, huyu kijana ana kiburi, unga wenyewe ulinisaidia, chawa walikuwa wananimaliza.

Sasa tumefikia hapo, wazee wawili. Mimi sikulisafisha kwa sababu ni wewe unayepokea, wewe hukulisafisha kwa sababu ni mimi ninayetuma. Marehemu shemeji yangu angetupiga ufagio.

Huyo mkwe wako amepona na wewe? Mwambie, vipande vyake vikikua, aniwekee kimoja. Lakini achovye yeye. Wewe sikutaki karibu na bakuli.

Mwenzako


15 Machi
Chumba namba tisa

Mwanangu,

Uliniomba nisijibu upesi. Nimechukua siku kumi na mbili, nusu ya siku hizo kwa kukutii na nusu kwa kukosa pa kuanzia.

Nimeisoma barua ya Mwenzangu kwa sauti, Askari akisikiliza. Alipojua kwamba uliushika ukurasa ule wiki mbili bila kuuchana na bila kunitumia, alijikuna akafikiri. Akasema katika kazi yake alikutana na watu wengi walioficha maandishi ili wajiokoe, lakini wa kuficha ili aokolewe anayemtuhumu hakuwahi kumpata, na kama angempata angemfunga kwanza, kwa kutoamini. Kisha akasema niandike, niache kulamba kalamu.

Kazi yangu yote ilikuwa kuona kosa katika maandishi ya mtu mwingine. Miswada yangu sikuwahi kuisahihisha mwenyewe. Pale kwenye kiwanda cha uchapaji ilikatazwa. Jicho la mwandishi husoma alichokusudia, haliwezi kusoma alichoandika. Nililijua hilo miaka thelathini na nne.

Siku ile ya Novemba mabakuli yalikuwa mezani, matatu. Dawa niliipima. Nilifungua mfuko, nikaona kijani kile alichokipenda marehemu, nikaiona mikono yangu ndani ya glavu. Nikazivua. Nikalitia tangini kwa mkono mtupu na maji yake yote. Nilijiona nimefanya jambo la heshima. Baadaye nilikaa na kalamu mbele ya safu ya tatu, nikashindwa kuandika sifuri, nikashindwa kuandika uongo, nikafunga daftari. Nilifahamu. Madoa ulipoyataja, nilifahamu kabla sijamaliza sentensi yako, na maswali yote yale niliyokupangia nilikuwa najiuliza mimi.

Leo nimejaza. Safu ya tatu nimeandika, "Halikuchovywa." Safu ya nne nimeandika, "Mgeni." Nimetia sahihi, kwa wino mwekundu.

Daftari nakurudishia pamoja na barua hii. Lisirudi kwangu. Sasa ni lako, na tangi pia. Ukitaka kumpa Miwani, mpe. Ukitaka chumba, ni chako. Sisemi kwa kununa. Ukibaki nalo, lile tangi dogo la jikoni lisiondolewe kamwe, na kila kitakachoingia kikae humo wiki zote zinazostahili, hata kikitoka kwa mtu wa damu.

Wananiruhusu Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa. Kuna habari ya aibu kidogo: muuguzi ametangaza kwamba wodi yetu ina upele. Askari alikuwa sahihi kuhusu shuka, sasa hatupumui kwa majivuno yake. Kila anayetoka anapewa chupa ya dawa ya kujipaka mwili mzima na karatasi ya maagizo. Nimeisoma. Nguo zichemshwe. Nilipofika mahali pa kuchemsha nguo niliiweka chini, nikatoka kwenda kutembea na fimbo yangu ukumbini.

Nisamehe, mwanangu. Nimeandika neno hilo mara tatu katika rasimu, nikabakiza moja ili lisipungue uzito.

Baba


21 Machi
Nyumbani

Baba, shikamoo,

Daftari limefika. Nimesoma ulichoandika. Mume wangu naye amekisoma, akaenda kufungua na kufunga mlango wa kabati ambao hauna tatizo lolote.

Nimekusamehe, lakini usidhani sikukasirika. Barua yako ya tarehe ishirini na tano niliisomea kliniki, chumba cha kuoshea vyombo, na siku ile daktari alisema hajawahi kuona koleo zilizong'aa vile.

Tangi simpi Miwani. Chumba nakitaka, nisikudanganye, lakini si kwangu. Daktari wako alimwambia mume wangu mapema kabisa kwamba ngazi za kwenda juu usahau. Nilipima ukuta kwa ukuta kuona kama kitanda chako kitaingia pembeni ya tangi. Kinaingia, kinabakiza nafasi ya kiti kimoja. Ukilala ubavu wa kulia unatazama maji, na huo ndio ubavu wa nyonga nzima. Kitanda kimeshashuka. Mume wangu alitaka iwe siri ya kukushangaza, ndiyo maana aliandika kama kichekesho, na ndiyo maana nilinyamaza. Hatutaficha kitu tena katika nyumba hii, tumeshaona tunavyofanana.

Vipande vitatu viko jikoni. Mara mbili mfululizo nimechovya, hakijaanguka kitu. Kile cha kidole gumba kimeanza kutambaa juu ya jiwe lake, kimeacha ukingo mweupe mwembamba kama kucha iliyokatwa vizuri. Miwani anasema huko ndiko kukua. Havitaingia tangi kubwa mpaka mwisho wa Aprili. Utavitazama jikoni, umekaa, bila kuelekeza.

Sasa kuhusu Jumamosi. Utaingia kwa mlango wa nyuma, wenye sakafu ya vigae. Kwanza utakaa kwenye kiti pale dakika ishirini, upumzike na safari, uzoee joto la nyumba. Nguo zako zitaingia kwenye beseni la maji ya moto, na koti, na ile kofia, na usinune. Hazitakuwa za watoto, najua nguo gani inachemshwa na ipi inalowekwa tu. Mume wangu atakupaka dawa ile kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo, nami nitakuwa nje ya mlango na saa ya jikoni. Hakuna atakayevaa kitambaa mdomoni. Tutakuwa tunaongea na wewe muda wote. Wajue na jirani zako huko chumba namba tisa kwamba hapa mtu haingii bila kuchovywa, hata mwenye nyumba.

Mstari wa mia moja na saba nimeshauchora. Nakuandikia ulivyo, usije ukasema nimekuficha:

Tarehe: 29 Machi.
Limetoka kwa nani: Hospitali. Ni wa kwetu.
Dakika za dawa: kama chupa inavyosema.
Kilichoanguka:

Hiyo ya mwisho nimeiacha wazi, najua huwezi kuvumilia. Kalamu nyekundu iko juu ya tangi. Utaijaza mwenyewe ukifika.

Mwanao